Uso wa Mama Mutindi

Kasiva alifungua saluni yake Jumatatu ile kwa sababu tu kubaki nyumbani kungemchosha zaidi. Jumamosi alikuwa Mbumbuni tangu alfajiri, akimpamba bibi harusi na wasimamizi wake, kisha mashangazi, kisha mama, na Jumapili mgongo ulikataa hata kwenda kanisani. Kazi aliianza kwa kusuka nywele hapa Sultan Hamud, akiwa msichana aliyekosa karo. Kupamba nyuso kulikuja baadaye, maharusi walipoanza kutaka picha za kung'aa, na jua la huku lilipomfundisha kwamba poda ya kawaida haifiki hata wakati wa kukata keki. Akahamia vipodozi visivyotoka kwa maji wala jasho. Vilikaa. Shida ilikuwa kuvitoa.

Yeye mwenyewe alivitoa kwa mafuta ya kupikia na pamba, jioni baada ya jioni, maana uso wake ndio uliokuwa bango la biashara na hangeweza kuja kazini bila kujipaka. Kope zilikuwa zimebaki chache. Siku nyingine alishindwa na uchovu, akalala hivyo hivyo, akaamka foronya imechafuka, kisha akapaka mapya juu ya yale ya jana.

Alikuwa bado anafagia Mama Mutindi alipoingia, leso ameishusha mpaka kwenye nyusi. Huyu ndiye Syokau, mama wa yule bibi harusi wa Jumamosi, na hakuwa amewahi kupakwa chochote usoni mpaka siku hiyo mashangazi walipomkalisha kitini kwa nguvu. Alipoondoa leso, Kasiva aliacha kufagia. Mashavu yalikuwa yamesuguliwa yakawa mabakamabaka. Nyusi moja ilikuwa nyeusi tii, nyingine imebaki nusu, na weusi wa macho ulikuwa umetapakaa hadi karibu na masikio.

"Umetumia nini, mwaitu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Sabuni ya kipande. Ikakataa. Nikapaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe. Jana nilifika hata kwa mafuta ya taa, lakini harufu ikanishinda."

"Pole sana. Bibi harusi nilimwambia vile atatoa. Wewe nikakusahau."

Syokau alikaa. "Kama ni mimi tu, ningekaa nayo mpaka iishe yenyewe. Shida ni mzee."

Kasiva alikuwa amemwona huyo mzee chini ya hema la harusi, blanketi magotini. Mzee Nthiwa aliangushwa na kiharusi, kikamwachia mkono mmoja, maneno machache na akili inayokuja na kwenda. Tangu hapo alilishwa kwa kijiko, asubuhi na Mutindi, jioni na mkewe. Sasa Mutindi alikuwa ameenda kwa mumewe, mbali, ng'ambo ya Kitui.

"Tangu jioni ya harusi hataki kula kwa mkono wangu," Syokau alisema. "Anafunga mdomo. Anauliza huyu ni nani. Anamwita Syokau, na Syokau ni mimi, nimesimama hapo na kijiko."

"Na sauti hajui?"

"Sauti anajua. Halafu anaangalia uso, anageuka. Nimemwacha na mke wa Musyimi, jirani, angalau kwake anameza chai kidogo."

Aliyasema bila machozi, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Kasiva alitoka, akaingia duka la pili, kwa Ruqiya, mwanamke wa Garissa aliyeuza manukato, hina na vipodozi.

"Ile kitu ya kutoa mekapu uliniambia, bado iko?"

"Iko," Ruqiya alisema, akishusha mkebe mdogo kutoka rafu ya juu. "Lakini imekuja juzi tu. Mimi nimejaribu na wanja yangu, ikatoka. Hiyo yenu ya harusi sijui."

Ndani ya mkebe mlikuwa na mafuta yaliyoganda, meupe, bila harufu. Kasiva alirudi nao saluni, akajichora mgongoni mwa mkono kwa wanja na maskara ya kazi, akangoja zikauke, kisha akasugua. Mafuta yaliyeyuka chini ya kidole na mistari ikalegea, ikatiririka. Lakini mkono si jicho. Dawa nyingine ya namna hiyo iliwahi kumwacha na jicho moja limefumba siku nzima, na mama huyu macho yalishakuwa mekundu. Akafumba jicho lake la kushoto, akajipaka, akakaza meno akingoja liwashe.

Halikuwasha. Kulikuwa na ukungu kidogo tu, nao ukapita. Pamba ilitoka nyeusi kabisa. Alipomgeukia Syokau, jicho moja lilikuwa la saluni na jingine dogo, lenye mikunjo, halina kope za maana.

"Kumbe uko hivyo," Syokau alisema.

"Niko hivyo."

Akamlaza kichwa kwenye kiti, akaanza na mashavu. Alipaka polepole kwa ncha za vidole, akafuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akarudia. Nyusi zilisumbua, zikahitaji mara ya pili. Machoni hakusugua kabisa. Aliweka pamba na kungoja. Katikati ya kungoja akasikia pumzi imebadilika. Syokau alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imeanguka pembeni.

Kasiva alimaliza kwa vidole vyepesi. Uso wa kawaida wa mama ulirudi, mweusi, umekonda, na doa jekundu pale sabuni ilipochubua. Alitamani kufunga mlango na kumwacha alale mpaka jioni. Akamfikiria mzee mwenye njaa. Akamgusa bega.

"Nimelala?"

"Kidogo tu, mwaitu. Imetoka yote."

Syokau alijitazama kwenye kioo muda mfupi, kama anayehakikisha. Akafunga leso, sasa nyuma ya masikio, akatoka kutafuta pikipiki.

Alasiri simu ililia.

"Aliniangalia sana," Syokau alisema. "Akaniuliza nilikuwa wapi siku hizi zote."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nilikuwa harusini. Amekunywa uji, akabakisha kidogo. Sasa amelala."

"Basi na wewe lala akiwa amelala."

"Nitalala," Syokau alisema. "Kuna sufuria za watu hapa nje tangu harusi, wacha nizirudishe kwanza."