Wanafunzi Wangu Wameomba Kuongea Kiswahili, Mwalimu Mkuu Anataka Niwakane

Admin, ukiiweka hii usitaje jina langu wala la shule, Tanga ni ndogo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Nguvumali na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Nafundisha Uraia na Maadili darasa la tano, shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza.

Shuleni kwetu mtoto akisikika anaongea Kiswahili, hata wakati wa mapumziko, anavishwa kibao cha mbao shingoni mpaka amnase mwenzake anayekiongea, amvishe yeye. Mwaka huu tulipokea binti kutoka Pangani, nimwite Mwanaidi, aliyelelewa na bibi yake. Alikuja mcheshi, anawasimulia wenzake hadithi za kwao mpaka wanashika mbavu. Basi kibao kikawa chake. Baada ya muda akaacha kuongea kabisa, si Kiswahili si Kiingereza. Mama yake alikuja kuniuliza kama mtoto anaumwa masikio, maana hata nyumbani anajibu kwa kichwa.

Tukafika kwenye mada ya haki na wajibu, jinsi raia anavyofikisha malalamiko kwa kiongozi wake. Nilifundisha kama ilivyo, sikumtaja mtu. Wiki ileile wanafunzi wangu kadhaa wakaenda ofisini wenyewe. Aliyewasemea ni binti wa Kisambaa, mpole sana. Wakatoa shikamoo, wakaomba kibao kiondolewe na Kiswahili kiruhusiwe nje ya darasa. Walisema Kiingereza wanakitaka, ila wamechoka kukiogopa.

Mwalimu mkuu akawauliza nani kawatuma. Wakajibu hakuna, wamejifunza darasani.

Akaniita. Akanieleza kwamba wazazi wanaleta watoto kwetu kwa ajili ya Kiingereza, wakisikia Kiswahili uwanjani watawahamisha. Hilo ni kweli, siwezi kubisha. Kisha akasema, "Jumatatu utasimama mstarini uwaambie wamekosa adabu. Kama huwezi, tafuta shule nyingine."

Mume wangu anasema niseme tu yaishe, kazi hazipatikani. Simlaumu. Lakini tangu hapo naanza kufua naacha, naingia jikoni nasahau nilichofuata. Napanga maneno ya Jumatatu kichwani, nayapangua.

Jana Ijumaa, wenzake wakiwa wameshatoka, Mwanaidi alibaki mlangoni. Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mwalimu, wale waliokwenda ofisini watachapwa kwa sababu yangu?"

Nilikuwa sijaisikia sauti yake kwa muda mrefu. Nikamwambia hapana, hakuna atakayechapwa. Akaitikia, akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa pale, kwa sababu ahadi ile sina mamlaka nayo.

Kesho kutwa ndiyo Jumatatu. Ndugu zangu, walimu na wazazi mnaosoma hapa, ningekuwa dada yenu mngeniambia niseme nini mbele ya wale watoto?