Mdundo wa Kwabena

Nahumu alifundishwa tarumbeta na baba yake, Mzee Methusela, kiongozi wa bendi ya kanisa lao karibu na Njombe. Vita vya Hitla vilimpeleka Burma. Huko kambini alimkuta Kwabena, askari wa Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, akipiga mdundo wa kwao juu ya debe, na Mmarekani mmoja mweusi akiupulizia jazi kwa saksafoni. Nahumu akaingia kati yao na tarumbeta. Lugha ziliwapiga chenga, muziki haukuwapiga.

Kwabena hakurudi kwao. Alizikwa msituni, mvua ikinyesha.

Baada ya vita Nahumu alihamia Makambako na mkewe, Tabea. Alimfundisha rafiki yake Alois mdundo ule kwa kupiga mapaja. Alois akautia kwenye ngoma, Nahumu akaweka jazi juu yake. Madereva wa malori walicheza mpaka vumbi likatimka, na Tabea ndiye aliyefungua uwanja wa dansi.

Habari zikafika Njombe.

"Nilikufundisha umsifu Mungu," Mzee Methusela alimwambia alipokwenda kumsalimu. "Wewe unachezesha walevi. Usikanyage tena kwangu."

"Baba, mdundo huu ni wa mtu aliyefia mikononi mwangu. Nikiuacha, nani atamkumbuka?"

Mzee akamfungia mlango. Miaka ikapita bila salamu.

Kisha Tabea akafariki akijifungua, yeye na mtoto. Asubuhi ya maziko, lori likasimama mbele ya nyumba. Akashuka Mzee Methusela na bendi nzima ya kanisa.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu kwa Kibena. "Tumekuja kumzika binti yetu."

Kaburini walianza wimbo wa kanisa. Nahumu akainua tarumbeta, akapuliza, sauti isitoke. Mzee akawasimamisha wenzake, akamgeukia Alois.

"Wewe ndiye wa ngoma?"

"Ndiyo, baba."

"Ilete. Marehemu aliipenda."

Mwinjilisti aliyeongoza ibada alikohoa, kisha akafunga kitabu chake cha nyimbo. Alois akapiga polepole. Mzee akaupuliza wimbo wa kanisa kwa tarumbeta yake juu ya mdundo ule, akapotea, akaanza upya, akaupata. Ndipo pumzi ikamrudia Nahumu. Akavuta sauti moja ndefu, yenye kuyumba, kama alivyofanya yule Mmarekani, machozi yakimtiririka.

Nahumu hakuoa tena. Jumamosi alipiga dansi Makambako; Mzee hakuhudhuria hata moja. Jumapili alidandia lori kwenda Njombe, wakaketi jikoni kwa mzee wakimenya viazi.