Kisu Chenye Kutu

Juzi, sokoni Mirongo, nilimwona kijana aking'arisha visu vya mtumba, nikamkumbuka mama, aliyekuwa mpasua sangara mwaloni, pale samaki wanaposhushwa.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, tulikwenda sokoni hapo kununua kisu, na muuzaji mwenye mvi alimwonyesha mama nembo ya kiwanda kwenye kisu. Mama hata hakuitazama. Alikigonga kwa ukucha wake unaonuka samaki, akakisogeza sikioni.

“Hili ni bati. Nipe kile chenye kutu.”

Alipokigonga, kikalia ngiiin, sauti ndefu ya chuma halisi. Mimi nilidhani visu humjibu yeye peke yake.

Muuzaji akacheka, akainamisha kichwa: “Shikamoo, mama.”

Nilidhani amekosea, mzee mzima kumwamkia mama yangu. Sasa najua hakukosea. Na mama, bila hata kutabasamu, aliitikia: “Marahaba.”