Siku Nne Bila Choo Ukweni

Mimi ni mtu wa haya. Naandika haya polepole, na mke wangu akipita nyuma yangu nafunika karatasi, ingawa kisa anakijua kuliko mimi.

Nilioa mwaka jana. Mimi natoka shamba, Mkokotoni, mke wangu ni mtoto wa Mji Mkongwe. Baada ya harusi nilikaa fungate kwao, siku saba za kupumzika na kulishwa. Bwana harusi akila vizuri, nyumba nzima hufurahi. Akiacha chakula, watajua binti yao hakumpendeza.

Kula hakukunishinda. Asubuhi chapati na maini, mchana pilau, alasiri halua na kahawa, jioni biriani. Mchicha sikuuona, maana mchicha si chakula cha bwana harusi. Maji nilikunywa kidogo makusudi, kwa sababu ya choo.

Kwetu choo kiko nyuma ya migomba, ukienda hakuna anayejua. Pale kilikuwa uani, na uani ndiko mama mkwe na shangazi wawili wa mke wangu walikokaa kutwa wakimenya vitunguu. Ukuta wa choo haukufika juu, na mlango wake ulilia kama punda.

"Huyoo, bwana harusi!" shangazi mkubwa alisema kila nikitokeza. "Umeshiba?"

"Nshashiba. Shikamooni."

"Marahaba. Mbona mbio?"

Haja ndogo nilikwenda na kurudi kabla hawajamaliza kucheka. Kuoga nilioga, kwani maji yana sauti ya heshima. Lakini haja kubwa inataka muda, na nilijua muda ule ungehesabiwa. Msikitini nako kulikuwa na foleni ya choo, na kila mtu alitaka kunipa mkono wa pongezi. Nikawa nabana. Mwanzo haja ilikuja ikarudi. Siku ya tatu haikuja tena.

Siku ya nne tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Gesi ilinizunguka ndani, kichefuchefu kikanishika, na harufu ya samli peke yake ilitosha kunigeuza uso. Sinia la pilau likaingia na kutoka kama lilivyo. Uani pakawa kimya. Hata shangazi mkubwa hakusema kitu, na hapo nikaogopa kweli.

Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, macho yamemjaa machozi.

"Kama sikukupendeza, sema. Usimtie mama wasiwasi."

"Si wewe."

"Ni nini basi?"

Nilitazama dari. Nikatazama feni. "Nna siku nne sijaenda chooni."

Alinitazama, kisha akajifunika kanga usoni. Nilidhani analia, hadi kitanda kikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Usimwambie mtu," nilimsihi.

"Simwambii."

Akatoka. Punde nikamsikia mama mkwe: "Jamani, jua la uani leo kali. Chukueni nyungo, twende barazani tukachague mchele."

"Jua gani na mawingu haya?" shangazi mkubwa akauliza.

"Twende, nimesema!"

Mlango wa mbele ukafungwa. Mke wangu akarudi na papai zima lililoiva na jagi la maji. Nilikula, nikanywa, nikatembea uani peke yangu kama mlinzi. Siku ile sikufanikiwa. Kesho yake wakatoka tena kuchagua mchele, na alhamdulillahi, mlango wa choo ulilia nami sikujali. Mchana nilimaliza sinia la wali na mchicha, na shangazi mkubwa akapiga kigelegele.

Baadaye tabibu mmoja alinieleza kwamba choo ukikizuia, utumbo huendelea kukinyonya maji, kikakauka na kuwa kigumu. Ukiongeza nyama, maji kidogo na kukaa kutwa, umejifunga mwenyewe. Akaniambia nikiona damu, au tumbo likiuma sana huku natapika, nisingoje papai, niende hospitali.

Mke wangu anaapa hakumwambia mama yake. Eti alimuuliza tu kama papai limeiva.

Hadi leo tukienda kuwatembelea, nikimaliza kula mama mkwe huchukua ungo wake akaenda barazani. Ijumaa iliyopita niliuchungulia akipita. Haukuwa na hata punje moja ya mchele.