Mito ya Mahameli Juu ya Kitanda cha Babu

Mimi nina ugonjwa wa kutazama majengo. Nikifika mji mgeni situlii mpaka nimezunguka kuta zake, na mara nyingi narudi nimekasirika. Bujumbura ilinipa hasira ya kunitosha mwezi mzima.

Tulitoka Kigoma mimi na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Yeye hakuja kutazama majengo. Alikuja kutafuta kitanda. Babu yangu, muuza nguo mwenye asili ya Oman aliyeishi hapo Bujumbura, alitengenezesha kitanda cha kuoshea maiti akakitia wakfu: Mwislamu yeyote mtaani akifiwa, kinabebwa kwenda kwake, kikimaliza kazi kinarudishwa ukumbini kwa babu. Bibi alioshwa juu yake, kisha babu mwenyewe. Watu walipokimbia vita, kitanda kikabaki. Sasa shangazi anaumwa moyo, na ombi lake ni moja tu: aoshwe pale walipooshwa wazazi wake. Tulikuwa tumesikia kwamba nyumba ya babu imegeuzwa makumbusho.

Njia ilitupitisha mtaa wa Rohero. Yapo majengo pale ya enzi za Wabelgiji, yenye kona za mviringo na roshani ndefu, na kwa haki yao, walioyachora walijua jua la ziwani linapigia upande gani. Sasa mengi yamevishwa vioo vya buluu na mabati ya kung'aa, na wafanyakazi wanaiva humo ndani kama mihogo. Jengo moja lilipakwa rangi ya matangazo ya simu kuanzia msingi mpaka paa. Aliyeidhinisha rangi ile bila shaka ana cheo, ana gari, na ana mke anayemsifu.

"Mbona unalaani nyumba za watu?" shangazi aliniuliza.

Nikamwambia zimejilaani zenyewe.

"Basi nunua rangi," akasema, akaendelea na mwendo wake wa polepole.

Nyumba ya babu haikuwa mbali na mtaa wa Jabe. Baraza ya mbele, walipokuwa wakikaa wazee kunywa kahawa, ilikuwa imevunjwa ili kuweka kibanda cha tiketi. Mlangoni walisimama simba wawili wa saruji, wamepakwa rangi ya dhahabu. Babu aliogopa hata paka. Ndani, kila kitu kilikuwa na kibandiko: cherehani, "ya zamani", birika la chai ambalo mimi ninalo jikoni kwangu, "la zamani sana". Mtu akisahau ndala zake pale, kesho atazikuta ukutani.

Kitanda kilikuwa katika chumba cha mwisho. Walikuwa wamekitandikia mito myekundu ya mahameli yenye vishada. Msichana wa kutembeza wageni, mwenyeji wa Uvira huko Kongo, akatukaribisha kwa moyo mmoja.

"Karibu mama. Hii njo kitanda ya tajiri ya zamani, alikuwa anapumuzikaka hapa saa ya muchana. Munaweza kuikala, hata kulala, mi nawapiga foto."

Shangazi alipitisha vidole kwenye ukingo, akagusa mbao zilizoachiwa nafasi ili maji yapite, akafika mwisho wa chini, upande wa miguu, pale panapoinama. Nikamweleza yule msichana ni kitanda cha nini. Akaruka nyuma.

"Yesu wangu! Mi nalalaka hapo kila saa sita!"

Mwenye makumbusho akasikia, akaja, amejifunga skafu shingoni katika joto lile. Nikarudia maelezo, nikidhani ataona haya. Akapiga makofi kwa furaha.

"Ah bon? Kitanda ya maiti! Mais c'est formidable! Bazungu batapenda hii kabisa."

Nikamwomba atupe, au atuazime tu siku itakapofika. Akatikisa kichwa kwa huruma ya watu waliosoma. "Apana, madame. Hii ni patrimoine, ni urithi. Ni ya bote."

Hata babu alisema ni cha wote. Lakini wote wa babu walikuwa wafu wa mtaa, na wote wa bwana huyu ni wenye tiketi. Nilimdharau mpaka nikakosa mate mdomoni. Nikaanza kumwambia aliyostahili kuambiwa, na mengine ambayo hakustahili.

Shangazi akamgeukia msichana. "Mwanangu, si umesema mtu anaweza kulala?"

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Basi toa hiyo mito."

Msichana akaitoa, mmoja mmoja, akaikumbatia yote kifuani. Shangazi akavua viatu, akapanda kwa shida, akalala chali, kichwa upande wa juu, mikono ubavuni. Akafumba macho. Mwenye makumbusho akanyanyua simu yake ili apige picha. Nikasimama mbele yake nikamwambia akithubutu nitaivunjia kwenye kichwa cha mmoja wa simba wake.

"Nyamaza," shangazi akasema, macho yamefumbwa. "Hapa hapagombwi."

Yule bwana akashusha simu. Nje muuza ndizi alikuwa akipita akinadi. Shangazi akalala mpaka pumzi yake ikatulia, na mimi nikawa naangalia kifua chake, nimeshika mdomo nisilie kwa sauti.

"Siku yangu ikifika huko kwetu," akasema, "mnioshe juu ya mlango, mnioshe juu ya meza ya jikoni, mnavyoweza. Zamu yangu nimeshaipata."

Kisha akanyoosha mkono nimwinue.