Niliulizia Dawa ya Mdudu, Padre Akasimamisha Ndoa Yangu

Mwaka 1991, mwanamke mmoja pale Bukoba alinipa pole ya msiba wangu mwenyewe. Ana kwa ana, mimi mzima, nimeshiba.

Akaniongezea na vidonge vya vitamini vya bure. Nikashukuru, nikaenda nyumbani, nikavisaga, nikawapa samaki.

Msicheke kwanza, niwaeleze.

Naitwa Datius, fundi vioo. Vita vya Kagera vilipokwisha, nusu ya madirisha ya mji yalikuwa matundu matupu, na mimi nilikuwa kijana asiye na kazi. Mzee mmoja akanishikisha almasi ya kukatia vioo. Ndivyo nilivyoanza.

Katikati hapo niliacha vioo miaka miwili nikaenda visiwa vya Muleba kununua samaki. Niliishi kambi moja na rafiki yangu Aroni. Tulikula ujana wetu huko, na sitaongeza neno.

Aroni alifariki 1989. Alikonda mpaka nikawa nambeba kwenda msalani kwa mkono mmoja. Tangu tumzike, nikikohoa mara mbili tu, silali. Lakini sikumwambia mtu.

Basi nikarudi kwenye vioo, nikapanga nyumba Kitendaguro.

Siku moja nikaitwa Bilele kwa daktari mmoja mgeni, kubadilisha kioo cha dirisha. Nikakuta ana tangi la kioo sebuleni, samaki wanaogelea, yeye kakaa kwenye kiti anawatazama. Hawali. Anawatazama tu.

Nikasema moyoni, huu sasa ndio ustaarabu.

Nikajitengenezea la kwangu kwa vioo vya dirisha, puti ya kuzibia na pembe za bati. Lilivuja wiki mbili, kisha likakubali. Nikatia mchanga, majani ya ziwani, na furu saba, wale samaki wadogo ambao sisi Wahaya tunawaita enkeje. Wakati huo sangara alikuwa ameshawafyeka ziwani, mpaka uwaombe wavuvi wa kwenye miamba. Walikuwa na rangi ya bluu na nyekundu, nami nilijiona tajiri.

Majirani wakanibatiza jina: Mfuga Kitoweo.

Liliniuma. Nikaacha kabisa kuwazungumzia samaki wangu mbele za watu. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mtu pekee asiyecheka alikuwa mchumba wangu, Kokuberwa, mwalimu wa shule ya msingi kule Kamachumu. Akija Jumapili anakaa kwenye kigoda, anawapa enkeje makombo ya dagaa kwa mkono wake, anawasimulia habari za shuleni.

Tulikuwa tunafunga ndoa. Tangazo la kwanza lilishasomwa kanisani, yamebaki mawili. Kwetu Wakatoliki majina yanasomwa Jumapili tatu, na anayejua kizuizi chochote aende kwa padre.

Siku hizohizo, kitu kikaanza kunilia samaki.

Kwanza yalikwisha majani, yamekatwa kama kwa mkasi. Halafu mikia. Furu mmoja akakonda, Jumatatu nikamkuta amekufa. Wa pili akagoma kula.

Nilijua chanzo. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeleta jiwe kutoka kisiwani, jiwe zuri lenye mashimo, la kupamba tangi. Yule daktari alishaniambia kitu kipya chochote unakitenga kwanza kwenye ndoo wiki mbili, ukione kimebeba nini. Mimi nikajifanya mjuaji, nikalitumbukiza siku ileile.

Kwa hiyo nikaenda duka la dawa kwa Petronila, mwanamke aliyesoma na Kokuberwa. Kulikuwa na wateja wawili. Nikasubiri watoke, nikainama dirishani.

"Dada Petronila, nina jambo la siri kidogo."

"Sema, waitu."

"Nina mdudu nyumbani."

Akaacha kuhesabu vidonge.

Sasa kijana wa leo hajui. Miaka ile UKIMWI hautajwi kwa jina lake. Wengine walisema Juliana, wengine silimu. Na wengi walisema tu, fulani ana mdudu. Mimi nilijua hilo vizuri kuliko wengi. Ila siku hiyo kichwani mwangu kulikuwa na samaki tu.

"Una uhakika?" akauliza taratibu.

"Dalili naziona. Mmoja alikonda akafa Jumatatu. Wa pili hali chakula."

"Kwani wako wangapi?"

"Walikuwa saba."

Akajishika kifua. "Saba, Datius? Na Kokuberwa anajua?"

"Anajua sana. Anawapenda. Jumapili aliwalisha kwa mkono wake."

"Wako wapi hao?"

"Wote sebuleni."

Petronila akavuta kiti akakaa.

"Kosa ni langu," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshafunguka. "Nililitoa kisiwani mwezi uliopita. Lilikuwa zuri, nikashindwa kujizuia. Nikaliingiza ndani bila kulichunguza."

"Kubwa?"

"Usiseme. Tulikuwa wanaume wawili kulipakia mtumbwini."

Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona usoni mwa muuza dawa.

"Dawa ya kumtoa ipo?" nikauliza.

"Kaka yangu, dunia nzima wanaitafuta."

Nikashangaa. Sikujua tatizo la matangi ya samaki ni kubwa kiasi hicho.

Akanipa vile vitamini, akasema, "Kula vizuri. Usikae na mawazo. Nakupa pole mapema, maana siku yenyewe huenda nikashindwa kusema."

Nikaona ni mtu mwenye utu kupita kiasi.

Kuanzia kesho yake, mji ukanipenda ghafla. Jirani aliyekuwa haniamkii kwa sababu ya mpaka wa migomba akanisamehe, akaleta maziwa. Mwingine akauliza kwa upole kama baiskeli yangu nimeshamwandikia mtu. Fundi cherehani akanishonea suti ya harusi ikanibana mabega. Nilipolalamika akasema, "Tumezingatia ya mbeleni, bwana."

Mimi nadhani ni baraka za bwana harusi. Nakunywa maziwa tu.

Jumapili ya pili nikakaa benchi la mbele, shati limepigwa pasi. Padre akasoma majina ya wachumba. Akasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafunga daftari.

Mimi na Kokuberwa hatukusomwa.

Baada ya misa nikamfuata sakristia, chumba anachovulia kanzu.

"Kuna neno limeletwa," akasema. "Siwezi kusema na nani. Mpaka lieleweke, ndoa imesimama."

"Neno gani, padre?"

Akaniambia. Ati nina mdudu. Ndipo nilipokumbuka dirisha la duka la dawa, neno kwa neno, na nikatamani ardhi ipasuke nizame na shati langu la pasi.

Jumatano wakaja. Alitangulia shangazi yake Kokuberwa, Bi Getruda, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kokuberwa nyuma yake.

Bi Getruda hakukaa. Kahawa ya kutafuna niliyomkaribisha hakuigusa.

"Tumekuja kuwaona," akasema.

"Akina nani, shangazi?"

"Hao saba wako wa sebuleni. Na hilo jimama la kisiwani. Watoke wote tuwaone."

Nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya tangi. Nikamhesabia. Sita, na marehemu mmoja. Nikamwonyesha na jimama lenyewe, limekaa mchangani lina mashimo.

Akainama. Akatazama jiwe, akanitazama mimi, akatazama tena jiwe.

Na mdudu mwenyewe nilikuwa nimemnasa asubuhi ileile. Nililaza chupa mchangani, ndani yake kipande cha dagaa, nikangoja nimejikausha. Saa tatu akatoka shimoni. Kaa mdogo, ukubwa wa kifungo cha koti, makucha juu kana kwamba nyumba ni yake. Nikainua chupa, nikamweka mkononi mwa Bi Getruda.

"Mdudu wangu ndiye huyu."

Bi Getruda alicheka mpaka akaketi chini kwenye mkeka. Alicheka, akafuta machozi kwa kanga, akaita "mawe," yaani mama yangu kwa Kihaya, akaanza upya. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mke.

Kokuberwa hakucheka.

"Huyu wa kwenye chupa tumemwona," akasema. "Wewe je?"

"Mimi je nini?"

"Umekaa kisiwani miaka miwili. Wewe una mdudu, au huna?"

Bi Getruda akaweka chupa chini.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki zote za kukasirika, nimesingiziwa mji mzima. Nikafungua mdomo, nikamkumbuka Aroni mkononi mwangu, mwepesi. Hasira ikayeyuka.

"Sijui," nikasema.

Ndiyo mara ya kwanza nililisema kwa sauti.

"Na mimi sijui yangu," akajibu. "Twende tukapime wote wawili. Majibu yakija tutazungumza habari ya padre."

Tulitolewa damu hospitalini Alhamisi. Majibu wiki tatu. Wiki hizo tatu sizielezi vizuri hata leo. Nilipungua kwa mawazo mpaka ile suti ikanienea, na fundi cherehani akaniangalia kwa macho ya "nilikuambia."

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi moja, hatushikani mikono. Akaitwa yeye, nikaitwa mimi.

Wote wazima.

Nilitoka nje nikalia kwa kwikwi, mwanaume mzima, mbele ya wauza ndizi. Nilimlilia Aroni pia, maana siku ya mazishi yake niliogopa mno hata machozi hayakutoka.

Tukasomwa tena kanisani, tukafunga ndoa. Kwa Petronila, nikaweka nadhiri. Mwanamke huyu alichukua siri yangu akaipeleka kwa padre. Sitamsalimia mpaka naingia kaburini.

Na mimi nikinuna, nanuna kweli. Miaka kumi na tisa nilipita barabara nyingine. Panadol nilinunua kwa mtu mwingine, mwendo wa dakika ishirini, kichwa kinagonga.

Mwaka 2010 binti yetu Jovita akawa anaolewa. Tukakaa mezani kuandika wageni. Mama Jovita akataja Petronila.

"Huyo futa," nikasema. "Bila yeye kukimbilia kwa padre tusingeaibika."

Mke wangu akaweka kalamu chini.

"Petronila hakwenda kwa padre, baba Jovita. Nilikwenda mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Wewe uliamini yale maneno?"

"Hata dakika moja sikuyaamini. Wewe ukiumwa jino huambii mtu mpaka shavu livimbe. Ungekwenda kutangaza mdudu dukani mchana kweupe? Petronila hajamaliza kusimulia, nimeshajua ni samaki."

"Sasa kwa nini?"

"Ningekuuliza vipi?" Aliuliza kana kwamba bado yuko 1991. "Msichana amwambie mchumba wake twende tukapime, miaka ile? Ungesema nakuona malaya. Ungeondoka. Nilikuwa siwezi kukuuliza, na siwezi kuolewa bila kukuuliza. Uvumi ulipokuja, nikaushika."

Ningeondoka kweli. Ninajijua.

Kesho yake nikaenda dukani kwa Petronila. Amekuwa mtu mzima, ana miwani. Aliponiona akasema, "Leo barabara ya huku imefunguliwa?"

Nikaomba radhi, mkono kifuani. Kisha nikauliza, "Miaka yote hiyo, mbona hukujitetea?"

"Mkeo aliniomba nisikanushe. Alisema ukijua ni yeye, kiburi chako kitavunja ndoa."

"Na ukakubali nikuchukie?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge, muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Mwaka ule nilikuwa nimeshazika dada zangu wawili, Datius. Wote waliolewa harusi nzuri, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Wewe kuninunia lilikuwa jambo dogo." Akavaa miwani. "Halafu tuseme ukweli, watu wanne niliwaambia."

Harusini tulimketisha meza ya mbele. Alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akacheza, akamsimulia mkwe wetu habari ya jimama la kisiwani kwa mapambo ambayo hata mimi sikuyajua.

Wenye wachumba, nawaambia bila kupinda. Mwenzako akisema mkapime, usipoteze muda kutafuta ni nani aliyekusema vibaya. Vaa viatu mwende.