Nilimaliza strip za mama kupima sukari ya samaki

Wakuu, salamu popote mlipo. Hii sijaisimulia nje ya nyumba yetu, na sina haja ya kuongeza chumvi. Mnivumilie tu.

Nafanya kazi kwenye shamba la trauti huku juu Kuresoi. Kwa wasiomjua, trauti ni samaki wa maji baridi na ni mla nyama. Porini anakula wadudu na samaki wenzake.

Sasa mwenye shamba akaanza kuwachanganyia unga wa mahindi, tena mwingi. Baada ya muda samaki wakawa wazito, wanakaa chini tu. Tukimpasua mmoja, ini limevimba na kupauka.

Afisa wa samaki alipokuja alisema tuwanyime chakula kwanza wale wa bwawa moja, halafu tulinganishe sukari ya damu. Unatoa tone mkiani kwa sindano, unaliweka kwenye strip, kile kijikaratasi cha kupimia, ndani ya mashine ileile ya binadamu.

Mashine ya binadamu ilikuwa nyumbani. Ya mama.

Mama yangu ana kisukari na anameza tembe za kushusha sukari. Niliomba mashine ya siku moja, nikakaa nayo wiki mbili. (Mnaotaka kunitukana, ngojeni kidogo, bado hamjafika penyewe.)

Wakuu, nilinogewa. Waliokula mahindi, sukari ilipanda na kesho yake bado iko juu. Waliokaa siku kumi bila chakula nilidhani nitakuta imeisha kabisa. Wapi! Ilikuwa imetulia karibu kama siku ya kwanza.

Afisa akanieleza. Ini la samaki mla nyama limezoea kutengeneza sukari kutoka kwa protini. Akikosa chakula, linatumia nyama ya mwili wake mwenyewe. Na hata akishiba haliachi vizuri kuitengeneza, ndiyo maana mahindi yanamlemea.

Nilirudi nyumbani nikijiona profesa. Tukiwa mezani nikamwambia mama, "Mum, samaki wangu wamefunga siku kumi na sukari yao haijashuka. Mwili unajipanga wenyewe."

Akaweka kijiko chini. "Ati siku kumi bila kukula?"

"Kumi."

Akachukua kijiko tena, na mimi sikushtuka. Kumbe kanisani kwao kulikuwa kunakuja maombi ya kufunga siku tatu. Daktari alikuwa amemkataza kufunga, na ilimuuma sana kuwa mama pekee wa kikundi chao anayekula wengine wakiomba. Mimi ndiye niliyempa ruhusa bila kujua.

Siku ya pili ya maombi sikuwa kazini. Asubuhi nikamkuta jikoni ameketi kwenye stuli, nguo imelowa jasho, na huku kwetu asubuhi ni ya sweta mbili. Mikono inatetemeka. Akaniita kwa jina la marehemu baba.

Nikamuuliza amekula nini.

"Nimefunga," akasema. "Lakini dawa nimemeza." Alilisema hilo kama mtu aliyefanya vizuri.

Niliogopa, wakuu. Nikakimbilia kabati kutafuta mashine, kisha nikakumbuka iko stoo ya shamba, juu ya pipa la chakula cha samaki. Na hata ningekuwa nayo, strip ya mwisho nilikuwa nimeimalizia kwa samaki.

Sasa fikiria. Kama sukari imeshuka, anaihitaji saa hiyo hiyo. Kama imepanda, naweza kumuua kwa mkono wangu. Na kichwani mwangu kulikuwa na samaki tu: asiyekula, sukari yake haishuki. Kijiko cha sukari nilikuwa nimeshakishika. Nikakirudisha kwenye mkebe.

Kile kijiko bado nakiota.

Nikampigia daktari wa dispensari yetu, nikamweleza: amemeza dawa, hajakula. Aliuliza kama anatoa jasho, na kama anaweza kumeza.

"Si umesema amemeza dawa na hajakula? Unangoja nini? Mpe sukari saa hii! Ikiwa juu tutaishusha, lakini ya chini haitungojei."

Nikakoroga sukari kwenye kikombe. Mama akafunga mdomo, akageukia ukuta.

"Usinivunjie mfungo. Hata samaki wako..."

Hakumaliza. Kichwa kilianza kuinama. Nikapiga magoti nikimshika kidevu. "Mum, nilikosea. Samaki hamezi dawa. Tafadhali, Mum."

Sijui kama alielewa. Alifungua mdomo kidogo, nikamnywesha polepole nikiogopa asipaliwe. Nilikaa pale sakafuni naangalia midomo yake, nikimwahidi Mungu vitu nisivyoweza kutimiza.

Baada ya muda akanitazama. "Mbona unalia?" Na akaniita kwa jina langu.

Dispensari walipompima, hata baada ya kikombe kizima, sukari ilikuwa bado chini. Daktari alisema tembe zake zinasukuma sukari chini hata kama hujala. Samaki anafunga na ini lake tu. Mama alifunga huku dawa inaendelea na kazi.

Mashine niliirudisha nikiwa nimeipangusa na kununua strip mpya. Mama akabonyeza kuangalia vipimo vya nyuma, akapitia kimoja kimoja. Wiki mbili nzima, vyote vya samaki. Chake hakikuwepo hata kimoja.

"Hawa samaki wamechungwa vizuri," akasema, akaiweka mfukoni mwa aproni. Sijaigusa tena.

Nilichojifunza: nilichoona bwawani kilikuwa kweli, lakini kilikuwa kweli ya samaki. Kama una mzazi anayemeza dawa za sukari, mpigie sasa umuulize kama huwa anafunga, na aongee na daktari wake kwanza. Ukishamaliza rudi hapa uniambie alikujibu nini. Na wenye matusi sasa mnaweza kuanza, nitasoma yote.